Nililipia "kila kitu" Dubai, nimerudi mfuko umetoboka. Nimeibiwa au ndivyo ilivyo?

MamaPacha_Tabata

Habari zenu wakuu. Mimi nina duka la vitenge Tabata, si mtu wa kupanda ndege kila siku. Tumerudi Dubai siku 12 zilizopita: mimi, mama mkwe na pacha wangu wa miaka 6. Usiku sita. Wakala mmoja wa mjini alituuzia kifurushi chenye tiketi, viza, vyumba viwili kwenye hoteli ya nyota 4 kule Deira na chai ya asubuhi. Kauli yake naikumbuka neno kwa neno: "Mama, wewe beba hela ya kula na ya zawadi tu." Nikabeba hivyo hivyo.

Tumefika usiku, watoto wamelala mabegani, kijana wa mapokezi ananiambia dirham 180. Nikamwonyesha vocha, nimeshalipa. Akasema hiyo ni ya serikali, haimo humo. Nikalipa. Halafu akataka na kadi: dhamana dirham 100 kwa kila chumba kwa kila usiku, yaani 1,200. Kadi yangu ni ya akaunti ya dola. Sijafika hata kwenye lifti, ujumbe wa benki huo hapo, dola 326 na senti zake zimeondoka. Siku ya kutoka wakasema zitarudi zenyewe. Mpaka leo sijaziona.

Mama mkwe naye ana dada yake Tanga, lazima wazungumze kila jioni. Simu za WhatsApp kule hazipiti, ujumbe unakwenda lakini ukipiga inakata. Nikampa laini yangu ya nyumbani apige moja kwa moja, nimeweka vocha ya elfu 30. Nyie, watu wa Tanga mnajua salamu zao. Salio liliisha wako bado kwenye "na watoto hawajambo?"

Siku ya tatu tuko kwenye treni ya metro, Kulwa katoa biskuti akaanza kutafuna. Doto hakula, alikuwa amesinzia. Mkaguzi kaja kwa adabu kabisa, kanionyesha kibao ukutani, kaandika karatasi: faini dirham 100. Biskuti yenyewe nilinunua dirham moja na nusu.

La mwisho ndilo linaniuma. Nimenunua tableti ya watoto, dirham 1,050. Mashine ya kadi ikaniuliza nilipe kwa dirham au dola. Nikaona akaunti yangu si ya dola? Nikabonyeza dola. Zikakatwa dola 300 kamili. Nyumbani nikapiga hesabu kwa 3.67, naona ingekuwa 286. Muuzaji alikuwa anatabasamu tu.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie: lipi hapa ni halali, lipi nimeliwa, na zile dola 326 nazifuatilia wapi?

Mapokezi_Deira

Dada yangu, pole sana. Mimi mtu wa Unguja, niko kwenye kaunta ya mapokezi hapa Deira mwaka wa tisa sasa (si hoteli yenu, natumai!), na malalamiko yako nayasikia kila wiki kwa lugha zote.

Ile 180 ni halali. Inaitwa Dirham ya Utalii, ilianza mwaka 2014. Inahesabiwa kwa chumba kwa usiku, si kwa kichwa: nyota 5 ni 20, nyota 4 ni 15, nyota 3 ni 10. Wewe 15, vyumba viwili, usiku sita. 180 hiyo, hawajakuongezea hata fulusi. Tunaikusanya sisi hotelini, ndiyo maana haimo kwenye vocha. Lakini wakala anaijua. Hakuna wakala anayepeleka watu Dubai asiyeijua. Amenyamaza ili bei yake ionekane ndogo kuliko ya jirani, basi.

Halafu wewe una bahati kifurushi chako kilikuwa na bei ya mwisho. Wapo wanaoletwa na bei ya chumba tupu, wakifika wanakuta huduma asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7, na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 5 juu yake. Hapo ndipo watu wanapokaa chini kwenye sakafu yangu.

Kuhusu dhamana, hoteli haijazichukua hizo pesa. Imeiomba benki yako izishike, na ulipotoka imeomba ziachiwe. Kinachochelewa ni benki kuachia. Kwa kadi ya mkopo mtu hahisi kitu, ila kwa kadi kama yako inayokula salio lako mwenyewe, unaona kama umeibiwa. Wiki mbili ni kawaida, na nimeona hata mwezi. Usikae ukisubiri, nenda tawini na ile risiti ya kutoka hotelini, uwaambie ni pesa zilizoshikwa na si manunuzi. Safari nyengine mwambie wa mapokezi unataka kuweka dhamana taslimu. Hoteli nyingi hukubali, na asubuhi ya kutoka unahesabiwa mkononi.

Likoni_Feri

Mamangu, hapo kwa mashine ndipo ulipoliwa, na ulibonyeza mwenyewe. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, 3.6725, haipandi haishuki. Wao wamekuhesabia 3.50. Hiyo tofauti inagawanywa huko nyuma ya mashine na wewe huna habari. Kokote uendako ukiulizwa, chagua pesa ya nchi ile uliyoko. Hata mashine za kutolea pesa zina mchezo huo huo, zinakuandikia maneno marefu ya kukutisha ili ukubali. Kataa, pesa zitatoka tu. Benki yako itakata cha kwake, ndio, kwa hivyo waulize kabla ya kusafiri ni kiasi gani.

Kipara_Ngoto

Mwenye hela ya Dubai analia dirham 100? Bagamoyo kuna bahari pia.

MamaPacha_Tabata

@Kipara_Ngoto nilicheza upatu miaka miwili kwa ajili ya hii safari. Bagamoyo nakwenda kila Pasaka.

Mzigo_Hewani

Mama Pacha, hujagusa la kodi. Kwenye ile tableti ulilipa asilimia 5 ndani yake. Mtalii anarudishiwa sehemu kubwa, wanabakiza ada yao kidogo, ilimradi duka limo kwenye mpango huo na risiti moja imefika dirham 250. Unatoa pasipoti pale pale unaponunua, wanaingiza risiti yako kwenye mfumo wao. Uwanjani unapitia kwenye mashine zao KABLA hujakabidhi mabegi, maana wanaweza kutaka kuona bidhaa. Wengi wanakumbuka begi likishapita kwenye mkanda.

Na taksi mlipanda? Ya uwanja wa ndege inaanzia dirham 25 kabla gurudumu halijazunguka, na kila geti la Salik (tozo ya barabara) mnalopita, abiria anaongezewa nauli. Watu wanadhani dereva kawaibia.

MamaPacha_Tabata

Kumbe ndiyo maana mwenye duka alikuwa ananiuliza pasipoti! Nikamwambia nimeiacha hotelini. Basi.

Naleta mrejesho. Leo nimeenda benki na risiti kama alivyosema kaka wa Deira. Dada wa dirishani kaangalia, akasema kweli zimeshikwa tu, hoteli imeshaziachia, akajaza fomu. Saa kumi jioni zimeingia zote, dola 326 na senti zake. Asante sana, Mungu akuzidishie. Wakala nimempigia, kajibu, "Mama, hiyo si kila mtu anaijua?" Nikakata simu nisije nikatamka neno mbele ya wateja.

Zile dola 14 nimezisamehe. Mama mkwe ndiye hajasamehe. Ya hoteli kayaelewa, ya mashine kayaelewa, ila ile mia ya biskuti hapana. Karatasi ya faini ameikunja kaiweka kwenye pochi yake, na kila mgeni anayekuja kutupa pole ya safari lazima atolewe aisome.