Mdogo wangu kapata nafasi ya chuo Malatya, mama hataki kusikia. Nishaurini

MwanaKisauni:
Assalam aleikum wanajamvi. Mdogo wangu wa kike kapata chuo Malatya, Uturuki, ada imelipwa yote. Mama kakataa katakata, hajasahau zile picha za tetemeko la Februari 2023. Baba naye ashikilia kuwa ardhi ishapumua, tetemeko halirudi tena leo wala kesho. Chai ya jioni hainyweki humu ndani. Nimsikilize nani?

FundiTudor:
Wa aleikum salaam dada. Mzee ana nusu ya ukweli. Tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika 17 alfajiri, ufa wa ardhini uitwao Anatolia Mashariki (Anatolia ndiyo sehemu kubwa ya Uturuki) uliachia kwa zaidi ya kilomita 300, ukubwa 7.8. Muda wa saa tisa hivi ukapita, likaja la 7.5, kaskazini zaidi, kwenye ufa mwingine kabisa. Malatya iliumizwa na yote mawili.

Bamba la Arabuni, kipande kikubwa cha gamba la dunia, lasukuma kaskazini, Anatolia yabanwa na kusogea magharibi. Milima ile na nyufa zile ni watoto wa msukumo huohuo. Miamba hung'ang'aniana pande mbili za ufa, msongo ukajaa miaka na miaka mpaka mshiko ukashindwa. Sasa, ikiachia hapa, pale penyewe hupumua kama asemavyo mzee, lakini mzigo hauishi wote, mwingine humwangukia jirani. Chukua kanzu iliyokubana: kifungo kimoja kikikatika, cha juu yake na cha chini yake ndivyo vinavyovutwa. Jirani aliyekuwa tayari hoi hukatika siku hiyohiyo. Mwenye nguvu bado huchukua miaka. Ufa wa Anatolia Kaskazini ulianzia Erzincan 1939, ukawa wakatika vipande vipande kuelekea magharibi hadi Izmit, Agosti 1999. Düzce ikafuata Novemba.

BabaLikoni:
Nepal pia. 25 Aprili 2015 lilipiga 7.8, na 12 Mei likaja 7.3 upande wa mashariki wa palepale. (Hata sisi Agosti 2020 tulitikiswa na lile la baharini karibu na Dar. Mke wangu alidhani ni mimi natikisa kitanda.)

BintiMajengo:
Siku ya tetemeko hakuna ajuaye, kwa hivyo mwanangu, acheni kubishania ardhi, ulizeni jengo. Kanuni za ujenzi Uturuki zilikazwa baada ya 1999, lakini 2023 hata majengo mapya yalianguka, mengine kwa sababu mwenye kujenga aliiba saruji na nondo. Kwa hivyo mwaka wa kujengwa hautoshi. Ombeni hati ya ukaguzi wa hosteli uliofanywa baada ya 2023. Wakisitasita kuitoa, apange kwingine.

MwanaKisauni:
Shukrani sana. Nimemsomea baba, kanyamaza, kisha kauliza kanzu yake ya Idi iko wapi, yambana kifuani. Mama kacheka, mara ya kwanza wiki hii. Kesho twaandikia chuo kuhusu hosteli.