Grafu ya sensa: skeli yangu ina kosa gani?

Nambi_S3
Shikamooni walimu. Tumepewa idadi ya watu wa Uganda katika sensa sita, kwa milioni: 1969 (9.5), 1980 (12.6), 1991 (16.7), 2002 (24.2), 2014 (34.6), 2024 (45.9). Kwenye mhimili mlalo nimeweka sensa moja kila mraba mkubwa. Kwenye mhimili wima nimepanda mraba mmoja kwa kila idadi: 9.5, kisha 12.6, kisha 16.7, hadi juu. Nukta zimetoa mstari ulionyooka kabisa, lakini skeli zote mbili nimekosa alama. Kwa nini?

MwalimuGulu
Marahaba. Huo unyoofu ndio unaokusuta. Ukipanga data yenyewe kama alama za mhimili, kila hatua ya kulia inakuwa sawa na kila hatua ya juu, kwa hiyo namba zozote zinazoongezeka zitatoa mstari huohuo. Grafu haijasema lolote kuhusu watu.

Alama za mhimili ni za rula, si za data. Mraba mmoja mdogo uwe na thamani ileile mwanzo hadi mwisho. Kwenye karatasi yenye miraba midogo ya mm 2:

Mlalo: sm 2 ziwakilishe miaka 10. Andika 1960, 1970, 1980 hadi 2030. Zinatosha sm 14. Mraba mdogo ni mwaka mmoja, hivyo 1969 iko mraba mmoja kabla ya 1970, na 2014 iko minne baada ya 2010.

Wima: sm 2 ziwakilishe milioni 5, kutoka 0 hadi 50, yaani sm 20. Mraba mdogo ni nusu milioni. 9.5 inaangukia mraba wa 19 barabara; 12.6 ni 25.2, kadiria juu kidogo ya wa 25.

Usichague 3 wala 7 kwa mraba mkubwa wenye miraba midogo 10. Kila mraba mdogo utakuwa 0.3 au 0.7, na hapo ndipo nukta zinapowekwa kombo.

TakwimuJinja
Naongezea kuhusu miaka, maana wengi huona tofauti ni ndogo. Sensa hizi zimepishana miaka 11, 11, 11, kisha 12, kisha 10. Ukizipa nafasi sawa, ongezeko la 2002–2014 (milioni 10.4) na la 2014–2024 (milioni 11.3) huonekana karibu na mteremko mmoja. Gawa kwa miaka: takriban 0.87 na 1.13 kwa mwaka. Kasi imepanda karibu theluthi moja, na nafasi sawa zimeificha.

Kompyuta nayo hufanya kosa hilihili. Kwenye Excel, grafu ya kawaida ya mstari huichukulia miaka kama majina tu na kuipanga kwa nafasi sawa. Chagua aina ya XY (Scatter), inayoweka kila mwaka kwa thamani yake, halafu kwenye mhimili mlalo weka mwenyewe kiwango cha chini 1960, cha juu 2030, na hatua ya 10.

Nambi_S3
Asanteni sana. Je, mlalo nao uanze na sifuri? Na majina ya mihimili niandikeje?

MwalimuGulu
Hapana, anzia 1960. Kuanzia mwaka sifuri kungezibana sensa zote pembeni kulia. Wima ndiyo ianze 0, ili jicho lilinganishe 9.5 na 45.9 kwa haki.

Majina: chini andika "Mwaka wa sensa", kando "Idadi ya watu (milioni)". Neno milioni likikosekana, 45.9 inasomeka kuwa watu arobaini na sita kasoro. Likiwepo, usirudie sifuri sita kwenye kila alama. Skeli zenyewe ziandike pembeni juu: sm 2 kwa miaka 10, sm 2 kwa milioni 5.

TakwimuJinja
Unganisha nukta kwa rula, moja hadi nyingine. Mstari mmoja wa wastani unaopita katikati ya nukta ni wa majaribio ya fizikia, ambako kila kipimo kina kosa dogo na uhusiano unajulikana kuwa wa mstari. Hapa mteremko wa kila kipande ndio habari yenyewe.