Shavu la mdogo wangu: achongwe mfupa sasa au asubiri?

KoroshoGhafi (Masasi): Wakuu, mdogo wangu ana miaka 24. Shavu la kulia limekuwa likivimba polepole tangu utotoni. Alikatwa kipande kidogo cha kupimwa na kupigwa CT-Scan: ni faibrasi displazia, yaani mfupa unaota vibaya na kuvimba, si saratani. Hela ya korosho imeingia, Alhamisi tunapanda basi kwenda Dar achongwe. Tujiandae vipi?

TayaNaMeno: Uvimbe huu mara nyingi hupoa mwili ukishakomaa, kwa hiyo linganisheni picha za zamani na za sasa. Kama umesimama na macho yanaona sawa, hakuna haraka. Akianza kuona ukungu au vitu viwiliviwili, hapo ni dharura. Tiba ya mionzi akatae, inaweza kuzaa saratani. Anatumia dawa gani?

KoroshoGhafi: Za kawaida tu.

Shangani255: Mahari tayari? Msimchonge mtu kwa ajili ya picha za harusi.

TayaNaMeno: Zitaje majina.

KoroshoGhafi: Warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda. Mwezi uliopita mguu wa kushoto ulivimba, ikaonekana damu imeganda. Ila ameacha tangu Jumapili, tuliogopa atavuja damu akichongwa. Tiketi tumeshakata.

Shangani255: Mara dawa za kawaida, mara damu imeganda, tena kijana wa miaka 24! Chai hii, leteni vitumbua.

Bi_Mikindani: Vijana pia huganda damu, Shangani. Mwanangu, miezi 3 ya mwanzo ndiyo ya hatari kuacha dawa: bonge likichomoka mguuni huenda kuziba mapafu. Leo hii rudini kliniki wapime INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda; kwa anayetumia warfarini kawaida inatakiwa kuwa 2 hadi 3. Asimeze dozi mbili kufidia. Akibanwa pumzi au kuchomwa kifuani, hospitali saa hiyohiyo.

KoroshoGhafi: Lakini mfupa si utavuja damu akiwa na dawa?

TayaNaMeno: Utavuja sana, mfupa wa aina hii una mishipa mingi. Ndiyo maana daktari mwenyewe husimamisha warfarini siku kama 5 kabla, kisha hupima INR ishuke chini ya 1.5. Si kazi ya familia. Na kuchonga kunasubiri, mguu hausubiri. Ahirisheni.

Bi_Mikindani: Siku mtakayosafiri, basi likisimama njiani Nangurukuru ashuke atembee, asikae ameukunja mguu hadi Mbagala. Kisamvu ale kiasi kilekile kila wiki, akizidisha ghafla dawa inapungua nguvu.

KoroshoGhafi: Na diklofenaki anayomeza shavu likiuma?

TayaNaMeno: Hilo ulilificha wapi? Aache leo. Ikichanganyika na warfarini inaweza kumvujisha damu tumboni. Atumie parasetamoli, na kliniki muwaambie.