"KIBUBU CHA MTOTO"? Arudishe kwanza vyanzo vya halmashauri ndipo atutukane!

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Mnamjua wote, sina haja ya kumtaja. Ni yule mkubwa wa serikali kuu ambaye msafara wake ukipita magari yanasimama toka Tazara hadi siku ya pili. Leo kashika maiki mbele ya madiwani, wenyeviti wa mitaa na akina mama wa vikundi, akatamka: "Mapato yenu ni kibubu cha mtoto." Kibubu! Cha mtoto! Watendaji wakapiga makofi, maana anayewateua yuko huko huko juu.

Hicho kibubu kilivunjwa na nani? Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri. Mwaka 2008 hapa Dar ukusanyaji ukapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, baadaye ukarudi, 2016 ukachukuliwa tena. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla: nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500, na ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Halmashauri inasubiri mgao wa kodi ya nyumba zilizo uani kwake! Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000. Halmashauri zikakatazwa kumtoza ushuru mwenye nacho, lakini taka za soko, choo cha soko na taa za soko zikabaki mzigo wa halmashauri. Halafu mtu anashika maiki anasema kibubu cha mtoto.

Barabara za mitaa zilienda TARURA, wakala wa serikali kuu, 2017, na mitaro yake. Mwananchi hajui hilo, maji yakiingia ndani anagonga kwa diwani. Chukueni kalavati moja tu la mtaani, bomba la sentimita 60, mchanga umejaa robo tatu, juu yake chupa za plastiki na nepi. Hiyo ni kazi ya vijana sita wenye machepeo, siku moja, na lori la kuzoa tope, maana tope likiachwa pembeni mvua ya kwanza inalirudisha ndani. Sasa fuateni njia ya karatasi. Mtendaji wa mtaa anaandika, inakwenda kamati ya maendeleo ya kata, inakwenda kwa meneja wa TARURA wilaya, anajibu haimo kwenye bajeti. Ya mwaka ujao inapangwa ndani ya ukomo unaotoka Hazina, kwa hiyo mtaro unashindana na madaraja. Ikipita, tenda inapitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Fedha ikichelewa ikaingia Juni, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, na bila kibali fedha iliyobaki inarudi Mfuko Mkuu wa Serikali. Masika yalishapiga tangu Machi.

Hata hicho kidogo hakiko huru. Kwenye kila 100 ya mapato ya ndani, 10 ni za mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni sheria ya Bunge ya 2018. Aprili 2023 ikasimamishwa kwa tamko hadi 2024. Tamko tu! Akina mama wa vikundi walikuwa wamekaa mstari wa mbele kabisa wakati anasema kibubu cha mtoto. Mstari wa mbele!

Chepe la Buguruni: Mkuu kunywa maji kwanza. Insha yote hii kwa neno moja? Hizo halmashauri unazozitetea, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kila mwaka anakuta makusanyo ya POS, mashine za kukusanyia ushuru, hayajafika benki. Wakala anakusanya, mashine inazimwa, pesa inakaa mfukoni.

Mwanzisha uzi: Wizi wa POS ufungwe jela, sijaukataa. Dawa yake ni kulinganisha miamala ya mashine na benki kila siku na kuifungia mashine yenye deni. Dawa siyo kunyang'anya chanzo. Na alisema KIBUBU CHA MTOTO, kwenye maiki!

Mzee wa Kata: Vijana hamjui historia. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kabisa, kazi zikapelekwa mikoani. Huduma za miji zikaporomoka hadi za miji zikarudishwa 1978, za wilaya 1984. Ibara ya 146 ya Katiba inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka bila chanzo cha mapato ni mhuri tu.

Pwani Kaunti: Hamieni Kenya. Katiba ya 2010 inazipa kaunti 47 si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Chepe la Buguruni: Maliza sentensi, ndugu. Hiyo 15 inapigwa kwenye hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge, si za mwaka huu. Bunge likichelewa, mnagawana kwa hesabu za zamani. Na mgao wenyewe ukichelewa, wauguzi wanakaa bila mshahara.

Karafuu Kavu: Nyie mnalilia mitaro. Sisi Zanzibar mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964, leo orodha ina 22. Ibara ya 133 ya Katiba ya Muungano inataka Akaunti ya Fedha ya Pamoja ya serikali zetu mbili, miaka nenda rudi tunaulizia, tunaambiwa habari ya mgao wetu wa asilimia 4.5. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Mkorosho: Bado hamjafika Mtwara. 2018 ile asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, iliyokuwa inaendeleza zao, ikapelekwa Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini wakapiga kelele hadi sauti zikakauka, sheria ikapita. Pembejeo zilikuwa zinategemea humo. Mkorosho usipopuliziwa salfa wakati wa maua, ubwiriunga, ule ukungu mweupe, unayakausha, hubangui kitu.

Mwanzisha uzi: Jamani, turudi kwa yule wa maiki.

Mpangaji wa Tandika: Samahani wakuu, mmetaja LUKU. Nyumba moja ya chini ina mita tatu, zote zinakatwa 1,500. Ni halali?

Mzee wa Kata: Si halali, mwanangu. Kodi ni ya jengo, siyo ya mita. Mwenye nyumba apeleke TRA namba za mita zote tatu waache moja tu. Na huo mzigo ni wake, si wa mpangaji: tunzeni ujumbe wa kila ununuzi, mkatane kwenye kodi ya pango.

Mpangaji wa Tandika: Miezi miwili sikununua umeme, wa tatu ikakatwa 4,500 kwa mkupuo.

Chepe la Buguruni: Deni linajikusanya, halifutiki kwa kulala giza. Mwonyeshe mwenye nyumba huo ujumbe leo leo, kabla hajapokea kodi.