Bendi ya roki ikigeukia pop: Hot Space, After Laughter au One More Light?

GitaaKavu
Wakuu, salamu. Nina mdogo wangu wa kiume, yeye ni Bongo Fleva na amapiano kuanzia asubuhi hadi usiku. Roki anaiita kelele. Kumwanzishia magitaa mazito nimeshindwa, sasa nataka nimpitishe mlango wa uani: albamu ya bendi ya roki iliyojitosa kwenye pop, sikio lizoee kwanza. Nimebaki na tatu:

Queen, Hot Space (1982)
Paramore, After Laughter (2017)
Linkin Park, One More Light (2017)

Coldplay nimewaacha kwa sababu anawajua tayari. Ile "Something Just Like This" yao na The Chainsmokers inapigwa hadi kwenye harusi. Nataka albamu nzima, siyo wimbo mmoja. Ipi, na kwa nini?

Kiitikio
After Laughter, mkuu, wala usijizungushe. Ukifungulia "Hard Times" mtu anacheza kabla hajauliza hao ni akina nani. Akija kusikiliza maneno ndipo anagundua mwimbaji wao, Hayley Williams, analia mwanzo mwisho. Albamu karibu yote iko hivyo, midundo inacheka, mashairi yana msiba.

MzeeKaseti
Vijana, kabla hamjaitupa Hot Space mjue ilitokea wapi. Mwaka 1980 Queen walitoa The Game, ndani yake mna "Another One Bites the Dust" ya John Deacon, mpiga besi. Inasemekana Michael Jackson ndiye aliyewahimiza waitoe kama singo. Ikashika namba moja Marekani na kuingia kwenye madisko. Wakaona njia ndiyo hiyo.

Mwaka 1982 wakaijaza sahani upande mzima. Upande A ni disko na fanki. "Staying Power" ina tarumbeta zilizopangwa na Arif Mardin, "Body Language" ni besi ya kinanda na pumzi za mwimbaji Freddie Mercury, gitaa la Brian May unalitafuta kwa tochi. Na hii ni bendi ambayo miaka ya sabini ilikuwa ikiandika kwenye majalada yake kwamba haikutumia sinthesaiza, yaani vinanda vya umeme! Kwenye "Back Chat" Deacon hakutaka solo ya gitaa, wakagombana na May mpaka ikawekwa. Mimi nausikia ugomvi ule ndani ya wimbo, na ndiyo maana naupenda.

Geuza sahani sasa. "Put Out the Fire" ni roki safi, "Las Palabras de Amor" ni Queen wale wale, na mwisho kabisa kuna "Under Pressure" na David Bowie, iliyokuwa imeshatoka tangu 1981. Ni nyumba moja yenye wapangaji wawili wasiosalimiana. Kwa mtu mgeni, sijui.

mwana_wa_Shangani
Shikamoo Mzee. Sisi wa Unguja tukiitaja Hot Space watu hudhani tunampigia debe mtoto wa nyumbani. Kweli Freddie kazaliwa hapa mwaka 1946, familia ikaondoka 1964, na makumbusho yake yapo hapa Shangani tangu 2019. Lakini kwa albamu hii simpendelei. Ngoma za mashine za 1982 ni nyembamba mno kwa kijana aliyezoea besi inayotikisa madirisha ya daladala. Atadhani spika imeharibika.

MzeeKaseti
Marahaba. Hapo kwenye besi umenikamata.

Besi4
Naona tunapima pop kwa wingi wake, kama vile chumvi. Mimi ningeuliza kitu kingine: wimbo ukishakuwa wa pop, wanabendi wamebaki na kazi gani?

Chukueni Hot Space. Deacon ni mmoja wa wapiga besi wenye akili kuliko wote, halafu kwenye "Staying Power" ya studio besi imepewa kinanda. Sasa tafuteni onyesho lao la Milton Keynes, Juni 1982. Wimbo ule ule, Deacon kashika gitaa la kawaida, May kaingia kwa nguvu zote, Roger Taylor anapiga dramu za mkono. Wimbo unasimama! Kumbe tungo haikuwa mbaya, ila studio iliwanyang'anya watu ala zao.

One More Light ni hivyo hivyo kwa namna nyingine. "Heavy" waliiandika pamoja na Julia Michaels na Justin Tranter, watunzi hodari wa pop, na ni wimbo mzuri. Lakini niambieni, mpiga dramu Rob Bourdon anafanya nini mle? DJ wao Joe Hahn je? Mimi namsikia mwimbaji wao Chester, namsikia Mike mwenzake kidogo, nyuma yao nasikia kompyuta.

Njooni After Laughter. Zac Farro alikuwa ameondoka 2010, akarudi kwa albamu hii, na dramu zake unazisikia kila kona. Taylor York hapigi zile kodi nzito za zamani, anadonoadonoa nyuzi, lakini ondoa gitaa lake uone kama "Told You So" itabaki. Nyimbo nyingi zimeandikwa ndani ya bendi, na York mwenyewe ndiye prodyuza pamoja na Justin Meldal-Johnsen. Pop tele, ila watu wapo kazini.

DadaWaKisumu
Besi4 amesema kuhusu kudonoa nyuzi. Niliposikia "Hard Times" na "Caught in the Middle" mara ya kwanza nilidhani kuna mtu wa benga amepotelea studio za Nashville. Sisemi waliiga, nasema sikio la huku kwetu halitapata shida na gitaa hilo. Linakimbia, linaongea, halivumi. Hiyo ni sababu tosha kwa mtoto ambaye shida yake ni "kelele".

Kizazi_cha_Numb
Mnaipita One More Light haraka sana. Ilitoka tarehe 19 Mei 2017. Chester Bennington akafariki tarehe 20 Julai mwaka huo huo. Watu waliokuwa wakiwatukana wiki za nyuma kwamba wameuza roki yao, ghafla wakaanza kusikiliza maneno. "Nobody Can Save Me" inafungua albamu, mtu anakwambia hali yake waziwazi, nasi tulikuwa tunabishana kuhusu magitaa. Wimbo uliobeba jina la albamu waliuandika kwa ajili ya rafiki yao aliyekufa kwa saratani. Hauna dramu nzito, na haukuzihitaji.

Kisha pop haikuwa kitu kigeni kwao. Hybrid Theory ya 2000 ilikuwa na viitikio vya pop vilivyovishwa makelele. Mwaka 2014 walitoa The Hunting Party, nzito kweli kweli. Wangetaka njia rahisi wangeirudia hiyo.

Kiitikio
Pole, na nakuelewa. Mimi mwenyewe siwezi kuusikiliza ule wimbo nikiwa na watu. Ila swali ni la kijana asiyewajua. Yeye hana Chester wa kumlilia, atausikiliza kama muziki tu. Na kama muziki, nusu ya albamu inafanana na chochote kilichokuwa redioni mwaka 2017.

Kizazi_cha_Numb
Kufanana na redio si ndicho anachotaka GitaaKavu? Kijana ataipenda siku ya kwanza. Dakika 35, nyimbo 10, haimchoshi. "Good Goodbye" ina Pusha T na Stormzy, mtu wa kufoka ataingia bila kubishwa hodi.

GitaaKavu
Hoja nzuri hiyo, nakiri ilikuwa namba moja yangu. Wasiwasi wangu ni hatua ya pili. Akishaipenda One More Light nimpeleke wapi? Nikimwekea Hybrid Theory atakimbia, maana Chester wa kule anapasua koo na huku hapasui hata mara moja.

Besi4
Ndipo Paramore wanapokufaa. Rudi nyuma hatua moja, albamu yao ya 2013, kuna "Ain't It Fun" yenye kwaya ya injili. Ni pop kabisa, lakini ilipewa Grammy ya wimbo bora wa roki mwaka 2015. Songa mbele, This Is Why ya 2023, magitaa yamerudi na kona zake, nayo ikachukua Grammy ya albamu bora ya roki. Ngazi zake zinapandika.

Ila mwonye kuhusu "No Friend". Hayley haimbi mle, ni Aaron Weiss wa bendi ya mewithoutYou anaongea chini ya gitaa zito mpaka maneno hayasikiki vizuri. Wengi huruka hapo.

DadaWaKisumu
Asiiruke! Ndiyo roki yenyewe imejificha mle. Ikimshinda, hajafika bado, unampa mwezi mwingine.

mwana_wa_Shangani
Na U2 je? Wana albamu inaitwa Pop, ya 1997. Jina lenyewe linajieleza.

MzeeKaseti
Jina linadanganya, mwanangu. Mle kuna midundo ya klabu, mashine na kiza kingi. Ziara walishaipanga tarehe kabla albamu haijakamilika, wakaimaliza mbio mbio. Baadaye nyimbo kadhaa walizirekebisha tena. Ukitaka pop ya U2 usiifuate kule.

GitaaKavu
Basi nimeamua, After Laughter kwanza. Kizazi, One More Light nitampa mwenyewe, tukiwa wawili, na nitamwambia habari ya Chester kabla sijaifungulia. Mzee, ile "Staying Power" ya Milton Keynes nimeitafuta sasa hivi. Deacon na gitaa! Hot Space ya studio naiacha, hii ya jukwaani naibakiza.

MzeeKaseti
Ukiimaliza nenda The Works ya 1984. "Radio Ga Ga" na "Hammer to Fall" ziko sahani moja, na safari hii wapangaji wanasalimiana.

Kizazi_cha_Numb
Mimi bado sijakubali, ila sawa. Mwanzishie "Rose-Colored Boy", siyo "Hard Times". Hiyo nyingine atakuwa ameshaisikia mahali.