Muhula mmoja Bayreuth wakati wa korona: naomba ushauri

3 Februari 2021
Kutoka: mwanafunzi, Dar es Salaam

Shikamooni kaka na dada zangu. Nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, na vipindi vinatarajiwa kuanza tarehe 12 Aprili. Nimeelezwa kwamba viza itatolewa iwapo chuo kitathibitisha kwa barua kuwa masomo yangu hayawezi kukamilishwa yote nikiwa nyumbani. Hata hivyo nasikia mihadhara inafanyika mtandaoni na maduka mengi yamefungwa, na wazazi wangu wana wasiwasi. Je, niende, au niombe kuahirisha? Na nikienda, nijiandae vipi?

4 Februari 2021
Kutoka: mwanachama, Bayreuth

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Ushauri wangu ni kwamba uende, ila barua hiyo uipate mkononi kabla hujalipia tiketi. Mratibu wa chuo akikujibu kwamba kozi zako zote ni za mtandaoni, ahirisha bila kusita, kwani hakuna faida ya kulipa kodi ya chumba Ujerumani kwa masomo unayoweza kuyafuata ukiwa kwenu.

Kinachowaelemea wageni wa mwaka huu si masomo bali siku 10 za mwanzo. Anayetoka katika nchi iliyomo kwenye orodha ya maeneo ya hatari, orodha ambayo hubadilika na ambayo inakupasa kuiangalia tena wiki ya safari, hujiandikisha mtandaoni kabla ya kuingia Ujerumani, kisha hukaa karantini siku 10. Kuanzia siku ya tano anaweza kupima, na akionekana hana virusi huachiwa mapema. Karantini hapa ni kukaa ndani kabisa: huendi dukani, hupokei mgeni, wala huendi kuchukua kifurushi posta. Kwa hiyo iulize hosteli sasa hivi, na kwa maandishi, kama chumba chako kina choo na jiko lake au mnachangia na wengine, na kama mnachangia, wao wana utaratibu gani kwa mtu aliye karantini. Nimeona wanafunzi wakifika usiku na kukuta hakuna aliyewafikiria kwa jambo hilo, na huo ni unyonge ambao barua pepe moja ingeuzuia.

Idara ya afya inaweza kukupigia simu kuhakikisha upo chumbani. Laini za Ujerumani hazifunguliwi mpaka utambulisho wako uhakikiwe, jambo ambalo si rahisi ukiwa umefungiwa, basi njoo na laini yako ya nyumbani ikiwa imewezeshwa kupokea simu ukiwa nje ya nchi. Vilevile njoo na euro taslimu za kutosha wiki kadhaa. Hata kama una Sperrkonto, yaani akaunti iliyozuiwa inayokutolea fedha zako kidogo kidogo, ambayo mwaka huu hutoa euro 861 kwa mwezi, fedha hizo hazikufikii mpaka uwe na akaunti ya kawaida, na benki mara nyingi itataka kuona cheti cha Anmeldung, yaani kujiandikisha makazi katika ofisi ya mji. Anmeldung inatakiwa kufanyika ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na siku hizi ofisi hupokea watu kwa miadi tu. Omba miadi ukiwa bado Dar es Salaam, uiweke baada ya karantini, na mwombe mwenye nyumba au hosteli ile karatasi ya Wohnungsgeberbestätigung, yaani uthibitisho wake kwamba umehamia kwake, mapema, kwa kuwa bila hiyo utarudishwa.

5 Februari 2021
Kutoka: mwanachama, Nürnberg

Naongeza machache kwa upande wa maisha ya kila siku. Hapa Bayern, jimbo ambamo Bayreuth na Nürnberg zipo, tangu tarehe 18 Januari, madukani na kwenye mabasi na treni inatakiwa barakoa ya FFP2, ile inayochuja hewa kwa kiwango cha juu. Ya kitambaa haikubaliki, hata iwe imeshonwa vizuri namna gani. Tangu tarehe 16 Desemba haturuhusiwi kutoka nje kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri bila sababu ya msingi, na kwa sasa kaya moja inaweza kukutana na mtu mmoja tu wa nje.

Nayasema haya kwa sababu Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu siku ileile ya vipindi vyako. Kama unafunga, ujue kwamba katikati ya Aprili jua huzama huku karibu saa 2 usiku, na mfungo unapita saa 15. Masharti yakibaki kama yalivyo, hakutakuwa na nafasi ya kufuturu nyumbani kwa mtu na kurudi hosteli kabla ya saa 3. Ni upweke mzito kwa kijana aliyezoea futari ya nyumba nzima, na sipendi ukukute bila kutarajia.

Baada ya Anmeldung utapokea barua ya kudai Rundfunkbeitrag, yaani ada ya redio na televisheni za umma, euro 17.50 kwa mwezi, hata kama huna redio wala televisheni. Usiitupe, kwa kuwa deni huongezeka. Mkiishi kadhaa katika nyumba moja hulipa mmoja na mnagawana. Chumba cha hosteli kinachofunguka kwenye korido ya wote huhesabiwa peke yake.

Sisi tulio Bayern tumekubaliana kupokezana ununuzi kwa kila anayewasili. Tuandikie tarehe ya kufika na anwani ya hosteli mara tu utakapozipata, ukitaja pia chakula usichokula, na ukumbuke kwamba maduka hufungwa Jumapili, hivyo ukifika Jumamosi usiku tunahitaji kujua kabla ya Ijumaa.