Naomba ushauri: ruzuku ya safari kwa mtafiti anayeanza

Habari zenu wakuu. Nimemaliza uzamivu mwaka jana, natafiti mageuzi ya reptilia, hasa kifundo cha mguu. Nataka kuomba ruzuku ya kwenda London kupima mifupa ya Teleocrater, reptilia wa kale, iliyoko makumbusho ya huko. Mnyama huyu alichimbwa Tanzania mwaka 1933, akakaa kabatini miongo mingi, jina rasmi akalipata 2017. Yuko upande wa ukoo wa dinosaria na ndege, lakini kifundo chake, tunachokijua kutokana na mifupa iliyochimbwa baadaye, kinafanana na cha mamba! Hapo ndipo swali langu lilipo.

Fomu inauliza kwa nini nisitumie picha za skani tu. Najua skani za sura ya nje ya mfupa mara nyingi hazionyeshi vizuri makovu ya misuli (alama za pale misuli iliposhika mfupa), wala mahali mfupa ulipoungwa kwa gundi, ila nikiandika hivyo naona kama nalalamika. Nyie mngeliwekaje?

Pia, barua ya mtunzaji wa makusanyo ya makumbusho niiombe kabla ya kutuma maombi au nisubiri nipate pesa kwanza? Naogopa kumsumbua mtu bure.

Lililo gumu zaidi: fedha zinarudishwa baada ya safari, kwa risiti. Mimi akiba sina. Kuna aliyewahi kuomba alipwe kabla akakubaliwa, au ukiuliza tu wanakuona msumbufu? Mwaka jana nilikataliwa kwingine kwa sababu bajeti "haikueleweka", kwa hiyo aliye tayari kuipitia ya sasa aniambie, nimtumie. Ni ukurasa mmoja tu.